Fiziotherapia au Sayansi ya Ubongo: Kijana Wetu Achague Ipi?



Kila mwaka vijana wetu wanapoanza kujaza fomu za UCAS za kuomba vyuo vikuu hapa Uingereza, swali hili huzuka katika nyumba nyingi. Kijana anapenda biolojia, ana moyo wa kusaidia watu, lakini udaktari ama haumvutii ama alama zake hazifiki. Mezani zimebaki fomu mbili: shahada ya fiziotherapia na shahada ya sayansi ya ubongo na mishipa ya fahamu, ambayo wengine huiita nyurosayansi. Baba anataka ile yenye neno "ubongo" kwa sababu inasikika kubwa. Mama anauliza ipi itampatia mtoto kazi haraka. Na shangazi aliyeko Tanga, kwa simu, anashangaa: "Yaani asome miaka mitatu Ulaya, halafu aje kukanda watu?"

Suala hili si dogo. Ni miaka mitatu ya maisha ya kijana, ni deni la maelfu ya pauni, na kwa wengi wetu tuliokuja huku kubeba maboksi na kulea wazee wa watu, ni matumaini ya ukoo mzima. Kwa hiyo leo kona yetu ya afya inazieleza shahada hizi mbili, moja baada ya nyingine, ili wazazi na vijana wakae chini wakiwa na taarifa sahihi.

TUANZE NA LILE LA "KUKANDA"

Shangazi hajakosea sana kihistoria. Chama cha wanafiziotherapia wa Uingereza kilianzishwa mwaka 1894 na wauguzi wanne, na jina lake la kwanza lilikuwa chama cha wakandaji waliofunzwa. Wauguzi hao walikianzisha kwa sababu kazi ya kukanda ilikuwa imeharibiwa jina na watu wasio na mafunzo wala maadili. Mwaka 1920 chama kilipewa hati ya kifalme, na mwaka 1944 kikachukua jina linalotumika mpaka leo, Chartered Society of Physiotherapy.

Leo kukanda ni sehemu ndogo tu ya kazi. Mwanafiziotherapia utamkuta katika chumba cha wagonjwa mahututi, akimsaidia mgonjwa kutoa makohozi mapafuni ili apumue. Utamkuta wodi ya mifupa, akimsimamisha bibi aliyebadilishwa nyonga. Utamkuta kliniki ya kina mama, akimfundisha mzazi mazoezi ya misuli ya nyonga kwa sababu mkojo unamtoka akicheka au kukohoa (na hili, kina dada, lina tiba, msilifiche kwa aibu). Utamkuta na mtoto mwenye mtindio wa ubongo, na mchezaji aliyeumia goti, na mbeba maboksi mwenzetu ambaye mgongo umegoma. Tangu mwaka 2013 sheria ya Uingereza inawaruhusu wanafiziotherapia waliopata mafunzo ya ziada kuandika dawa wao wenyewe. Hapo si kukanda tena.

Aidha, jina lenyewe linalindwa na sheria. Hapa Uingereza mtu hawezi kujiita mwanafiziotherapia bila kusajiliwa na baraza linaloitwa HCPC. Akijiita hivyo bila usajili, anavunja sheria.

NA HILO LA "DAKTARI WA UBONGO"

Hapa ndipo wazazi wengi wanapoteleza. Mtoto akimaliza shahada ya kwanza ya nyurosayansi si daktari wa ubongo. Haruhusiwi kutibu mgonjwa, kuandika dawa, wala kumpasua mtu kichwa. Daktari wa ubongo ni mtu aliyesoma kwanza udaktari wa kawaida, kisha akabobea kwa miaka mingi. Hivyo basi, kabla hujawatangazia ndugu nyumbani kwamba mwanao anasomea udaktari wa ubongo, hakikisha umeielewa barua ya chuo inasema nini.

Nyurosayansi ni elimu ya kujua ubongo na mishipa ya fahamu vinafanyaje kazi. Chembe moja ya fahamu inapelekaje umeme kwa nyingine? Kumbukumbu inahifadhiwa wapi? Kwa nini mtu mwenye ugonjwa wa Parkinson anatetemeka? Dawa ya maumivu inagusa wapi?

Ni elimu tamu kwa mwenye kuipenda. Tuchukue mifano miwili ya hapa London. Mwaka 1971 John O'Keefe wa Chuo Kikuu cha London, UCL, alitangaza kwamba katika ubongo wa panya kuna chembe zinazowaka pale tu mnyama anapofika mahali fulani, mfano wa ramani ya ndani ya kichwa. Mwaka 2014 alipata Tuzo ya Nobel, pamoja na May-Britt Moser na Edvard Moser wa Norway. Mfano wa pili ni wa mwaka 2000. Eleanor Maguire na wenzake waliwapima madereva wa teksi nyeusi za London, wale wanaolazimika kukariri maelfu ya mitaa, wakaona kwamba sehemu ya nyuma ya kiungo cha kumbukumbu katika ubongo wao ni kubwa kuliko ya watu wengine. Na kadiri dereva alivyofanya kazi miaka mingi, ndivyo sehemu hiyo ilivyokuwa kubwa.

Kama kijana wako anasoma habari hii macho yakimng'aa na anaanza kuuliza walipimaje, huyo ana damu ya utafiti. Kama anauliza itamsaidiaje babu aliyepooza, huenda mahali pake ni fiziotherapia.

MASOMO YENYEWE YAKOJE

Fiziotherapia ni miaka mitatu katika Uingereza na Wales, na minne Scotland. Mwanafunzi anasoma maumbile ya mwili, misuli, mifupa, mapafu, moyo na mishipa ya fahamu. Lakini karibu saa 1,000 za mafunzo yake ni za vitendo, hospitalini na kwenye kliniki. Anaamka alfajiri kama mfanyakazi, anavaa sare, anagusa wagonjwa. Anaweza kupangiwa hospitali iliyo mbali na nyumbani. Akiwa na kazi ya wikiendi ya kumsaidia mama kulipa kodi ya nyumba, wiki hizo zitambana.

Nyurosayansi nayo kwa kawaida ni miaka mitatu, au minne kama ana mwaka mmoja wa kufanya kazi maabara au kiwandani. Hapa kuna kemia ya ubongo, chembechembe, dawa, saikolojia, na takwimu nyingi. Wapo vijana wanaoshtuka kukuta wanaandika programu za kompyuta za kuchambua data. Baadhi ya vyuo vinatumia wanyama katika utafiti, na asiyeweza kulivumilia hilo aulize mapema. Kazi kubwa ya mwaka wa mwisho ni utafiti wake mwenyewe.

Vyuo vingi kwa fiziotherapia vinataka alama nzuri za A-level, mara nyingi biolojia ikiwemo au elimu ya michezo. Nyurosayansi kwa kawaida inataka masomo mawili ya sayansi. Kote mbili GCSE za Kiingereza na hesabu ni lazima. Kwa watu wazima waliokuja huku bila A-level, vyuo vingi vinapokea diploma ya Access, ambayo kwa kawaida husomwa mwaka mmoja. Wako kina mama walioanza na njia hiyo baada ya miaka mingi ya kazi za kulea wazee, na uzoefu ule uliwabeba kwenye usaili.

BAADA YA KUHITIMU

Mwenye fiziotherapia akimaliza anajisajili HCPC na anaweza kuanza kazi. Katika NHS anaanzia daraja linaloitwa Band 5. Kwa mwaka 2024/25 huko Uingereza mshahara wa kuanzia wa daraja hilo ulikuwa £29,970 kwa mwaka, na Band 6 inayofuata ilianzia £37,338. Si utajiri, lakini ni mshahara wenye ngazi, likizo na pensheni.

Hata hivyo tusidanganyane. Mwaka 2025 wahitimu wapya wengi walipata tabu kupata nafasi za Band 5, kwani hospitali zilibana matumizi. Anayekubali kuhamia mji mwingine alikuwa na nafasi nzuri zaidi kuliko anayesubiri kazi karibu na nyumba ya mama. Lililo hakika ni kwamba mahitaji yenyewe hayapungui. Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa watu bilioni 2.4 duniani wana hali ya kiafya ambayo huduma za urekebishaji zingewasaidia.

Mwenye nyurosayansi hana mlango mmoja. Ana vijia vingi, na kila kijia kinahitaji hatua ya pili. Anaweza kuendelea na uzamili na uzamivu. Mwanafunzi wa uzamivu anayefadhiliwa na mabaraza ya utafiti ya serikali alipata angalau £19,237 mwaka 2024/25, bila kodi. Anaweza kuomba mafunzo ya NHS ya wanasayansi wa kliniki, ambayo ni miaka mitatu ya kazi yenye mshahara, na mwisho anasajiliwa HCPC. Ila waombaji ni wengi na nafasi ni chache. Anaweza kwenda kampuni za dawa, kusimamia majaribio ya tiba, kufundisha sekondari, au kufanya kazi za data. Na anaweza kuomba udaktari wa njia ya wahitimu, wa miaka minne. Lakini angalia: mwenye fiziotherapia naye anaweza kuomba udaktari kwa njia hiyo hiyo. Kwa hiyo "atasoma nyurosayansi ili baadaye awe daktari" si sababu inayotosha peke yake.

Tofauti kubwa basi ni hii. Fiziotherapia inakupa leseni mkononi siku unapomaliza. Nyurosayansi inakupa maarifa mapana, na leseni, kama unaitaka, unaitafuta baadaye.

PESA, MKOPO NA RIBA

Ada kwa mwanafunzi anayehesabiwa mkazi huko Uingereza ilikuwa £9,250 kwa mwaka, na mwaka 2025/26 ilipanda hadi £9,535. Anayehesabiwa mgeni hulipa zaidi ya hapo kwa mbali. Kwa hiyo swali la kwanza kabisa kwa familia ya wahamiaji si "kozi ipi" bali "hadhi yetu ya ukaazi ni ipi". Mwenye ukaazi wa kudumu kwa kawaida anatakiwa awe ameishi nchini miaka mitatu kabla ya kozi. Aliyekubaliwa kuwa mkimbizi ana utaratibu wake. Anayesubiri jibu la ukimbizi kwa kawaida huhesabiwa mgeni, lakini vyuo kadhaa vina ufadhili maalumu kwa watu wa kundi hilo. Mwandikieni chuo na muulize hadhi ya ada kwa maandishi kabla ya kukubali nafasi. Msitegemee maneno ya mtaani.

Hapa fiziotherapia ina faida ambayo wengi hawaijui. Mwanafunzi wake huko Uingereza, akiwa na sifa za kupata mkopo wa serikali, anaweza kupata ruzuku ya NHS ya £5,000 kwa mwaka. Ruzuku hii hairudishwi. Akiwa na mtoto anayemlea, kuna nyongeza ya £2,000. Mwanafunzi wa nyurosayansi hapati.

Kwa Waislamu lipo suala la riba. Sheria ya mwaka 2017 iliruhusu serikali kuanzisha mkopo wa elimu unaofuata sharia, lakini hadi kufikia mwaka 2025 ulikuwa haujaanza kutolewa. Familia zinazolichukulia jambo hili kwa uzito zitazame njia ya uanagenzi wa fiziotherapia: mwanafunzi anaajiriwa na hospitali, analipwa mshahara, anasoma shahada, na ada hailipi yeye. Nafasi si nyingi na ushindani ni mkali, lakini zipo. Zitafuteni kwenye matangazo ya kazi ya NHS.

Na kwa wote wanaokopa: walioanza kozi Uingereza tangu Agosti 2023 hurejesha asilimia 9 ya kipato kinachozidi £25,000 kwa mwaka, na deni hufutwa baada ya miaka 40. Mhitimu asiye na kipato hicho halipi kwa wakati huo.

MAMBO AMBAYO HAYAZUNGUMZWI MEZANI

Fiziotherapia ni kazi ya kugusa mwili. Darasani wanafunzi hufanyia mazoezi miili yao wenyewe kwa wenyewe, mara nyingi wakiwa na kaptula na fulana. Hospitalini mgonjwa anaweza kuwa wa jinsia yoyote. Binti wa hijabu, au kijana anayeona haya, asigundue hili wiki ya kwanza ya chuo. Vyuo vingi vikiulizwa mapema hupanga mwenzi wa jinsia moja na pazia, na hospitali za NHS zina mikono ya kuvaa na kutupa kwa wale wasiotaka mikono yao ionekane. Anayetaka ataweza, ila aulize.

Pia kuna uchunguzi wa rekodi za polisi, uchunguzi wa afya na chanjo. Kijana aliyewahi kuonywa na polisi asifiche. Azungumze na chuo kabla ya kuomba.

Nyurosayansi nayo ina lake lisilosemwa: upweke wa maabara. Kuna majaribio yanayoshindwa miezi mitatu mfululizo, na baada ya uzamivu wengi huishi kwa mikataba mifupi mifupi. Kijana anayehitaji kuona mtu akitabasamu mwisho wa siku atateseka huko.

WALIOKO MAREKANI, GHUBA NA NYUMBANI

Wasomaji wetu wa Marekani, kwenu hesabu ni tofauti kabisa. Huko fiziotherapia ni shahada ya uzamivu ya kitaaluma, inayoitwa DPT, ambayo kwa kawaida huchukua miaka mitatu baada ya shahada ya kwanza, kisha kuna mtihani wa leseni ya jimbo. Kwa hiyo kijana anaweza kusoma nyurosayansi kwanza, akachukua masomo ya lazima kama fizikia na maumbile ya mwili, halafu akaomba DPT. Asiyetaka miaka yote hiyo anaweza kuwa msaidizi wa fiziotherapia kwa diploma ya miaka miwili na leseni.

Walioko Ghuba wajue kwamba kila mamlaka ya afya, mfano ile ya Dubai, ina leseni yake, vyeti vinahakikiwa kutoka chuo vilikotolewa, na mara nyingi uzoefu wa kazi baada ya shahada unatakiwa.

Na anayeota kurudi nyumbani? Fiziotherapia inajulikana: KCMC Moshi imefundisha fani hii kwa miaka mingi, Muhimbili kuna taasisi ya mifupa na ubongo, MOI, na Kenya ina sheria na baraza la wanafiziotherapia tangu mwaka 2014. Kwa nyurosayansi nafasi ni chache lakini zipo za maana. Kituo cha utafiti cha Kilifi, kilichoanza mwaka 1989, kimefanya kazi kubwa kuhusu malaria inayopanda kichwani na kifafa kwa watoto wa pwani yetu.

Jambo moja kwa waliosomea fiziotherapia nyumbani na sasa wanafanya vibarua huku: msikimbilie kuanza shahada upya. HCPC ina njia ya kupokea waliosoma nje. Kusanyeni silabasi, vyeti na uthibitisho wa kazi. Mnaposubiri, ombeni kazi ya usaidizi wa tiba hospitalini.

KWANI LAZIMA KUCHAGUA MOJA?

Mtu akipigwa na kiharusi, sehemu ya ubongo wake hufa. Lakini ubongo una uwezo wa kujipanga upya, na sehemu nyingine zinaweza kujifunza kazi iliyopotea iwapo mgonjwa atarudia mwendo ule ule mara nyingi mno. Anayemrudisha katika marudio hayo, siku baada ya siku, ni mwanafiziotherapia. Anayechunguza kwa nini marudio yanafanya kazi ni mwanasayansi wa ubongo. Kazi hizi mbili zinakutana.

Kwa hiyo mwenye fiziotherapia anaweza kubobea katika wagonjwa wa kiharusi, uti wa mgongo au Parkinson, kisha akasoma uzamili wa nyurosayansi. Na mwenye nyurosayansi anaweza kusoma fiziotherapia ya uzamili kwa miaka miwili na kupata leseni. Huko Uingereza mwenye sifa anaweza kukopeshwa kwa mafunzo hayo ya uzamili hata kama alishakopa kwa shahada ya kwanza. Njia zote mbili zinafika, ila anayeanza na fiziotherapia anafika akiwa tayari na kazi mkononi.

MASWALI YA KUMWULIZA KIJANA

Mwacheni ajibu mwenyewe, bila kumkatiza:

1. Ukifikiria siku ya kazi, unajiona na mgonjwa au na data?
2. Unaweza kugusa mwili wa mgeni, mzee, aliyejichafua, bila kinyaa?
3. Uko tayari kusoma tena miaka minne au mitano baada ya shahada ya kwanza?
4. Nyumbani kunahitajika kipato chako haraka, au tunaweza kusubiri?
5. Umewahi kumwona mtu anayefanya kazi hii akiwa kazini?

Kama jibu la swali la tano ni hapana, hapo ndipo pa kuanzia. Piga simu idara ya fiziotherapia ya hospitali ya karibu uombe siku mbili za kutazama. Jitolee kwenye kikundi cha waliopona kiharusi. Vyuo vina siku za wazi. Nenda ukaulize maabara inafanya utafiti gani. UCAS inaruhusu chaguo 5, na tarehe ya mwisho kwa kozi hizi huwa Januari.

USHAURI WETU

Kwa familia ambayo kipato ni kidogo na kijana anapenda watu, fiziotherapia ndiyo njia yenye uhakika zaidi: ina ruzuku, ina leseni, na mlango wa utafiti haujafungwa. Kwa kijana ambaye maswali hayamwishi, hesabu hazimtishi, na familia inaweza kumpa miaka ya kusubiri, nyurosayansi ni haki yake. Asinyimwe kwa sababu tu jirani hajui ni kazi gani. Lile ambalo hatulishauri ni kusoma nyurosayansi kwa ajili ya jina, au fiziotherapia kwa sababu eti ni rahisi. Si rahisi.

Ada, ruzuku na kanuni za viza hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo hakikisheni kwa chuo na kwa tovuti za serikali kabla ya kutia saini. Na wadau mnaofanya kazi katika fani hizi mbili, mkimwona kijana wetu mmoja anatafuta siku mbili za kutazama, mfungulieni mlango. Nasi wengi wetu tulifunguliwa na mtu.

Tuonane tena katika kona yetu ya afya. Wasalaam.